Dobi wa Namba Tisa

Barua ilikuwa na kurasa mbili, na Thérèse aliisoma amesimama, koti lake la kazi bado liko mwilini. Klabu ya mpira ilikuwa inafunga chumba chake cha kufulia. Kuanzia mwezi wa kumi na moja jezi zote zingefuliwa na kampuni moja huko Hayes, upande wa pili wa jiji, karibu na uwanja wa ndege. Wafanyakazi kumi wa dobi walikuwa wanakaribishwa kuhamia huko, lakini nafasi zilikuwa chache, na watakaowahi ndio watakaotangulizwa. Mwenye kutaka atie sahihi ukurasa wa pili, aurudishe ofisini kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Asiyerudisha atahesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake.

"Hii barua ni ya lini?" aliuliza.

"Ya wiki iliyopita." Adolphe, mumewe, alikuwa mezani anakula ugali, anaumega kidogo kidogo kama mtu asiye na njaa anayeogopa kuulizwa kwa nini hali.

"Na leo ni Jumanne. Umetia sahihi?"

"Bado."

"Bado ni nini, Papa Gloire? Wanasema nafasi ni chache. Chache ni ngapi?"

"Hawakuandika."

"Hawakuandika kwa sababu wanajua."

Adolphe alinawa vidole kwenye bakuli, akavikausha kimoja kimoja. "Hayes ni masaa mawili kwenda na masaa mawili kurudi. Na hakutakuwa na Hayes. Nitaenda kuongea na somo."

Thérèse alivua koti. Tangu alfajiri alikuwa amewaogesha wazee watano katika nyumba tano za Thornton Heath, na saa kumi ilikuwa zamu ya kurudi kuwalaza. Alikuwa na masaa mawili ya kukaa, na alikuwa ameshaona kwamba leo hatakaa.

Somo aliyesemwa hapo alikuwa Hidde Wiersma, Mholanzi, mshambuliaji aliyevaa namba tisa pale klabuni kwa miaka minane. Jina lake lilikuwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yao: Gloire Wiersma. Adolphe alilichagua mwaka tisini na sita. Wiki ile Wiersma alikuwa amefunga mabao matatu katika mechi moja, na Jumatatu yake akashuka mwenyewe ngazi za kwenda kufulia, chini ya jukwaa, na boksi la chokoleti mkononi, kuwashukuru madobi. Hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuzishuka ngazi zile. Siku tatu baadaye mtoto akazaliwa. Wiersma alipoambiwa alicheka sana, akampa Adolphe mkono, akatuma jezi ndogo ya mtoto mchanga. Kwake ilikuwa hadithi ya kuwachekesha wenzake. Kwa Adolphe ulikuwa undugu.

Maana kwao Bukavu mtoto na somo wake ni mwili mmoja. Wazazi hupeleka chakula kwa somo, somo humvisha mtoto nguo, na mmoja akipata shida mwenzake hakai kimya. Hata nyumbani heshima ilifuata jina. Gloire akimwaga chai, Thérèse akianza kufoka, Adolphe alisema, "Usimpigie kelele, huyo ni Mzee Wiersma."

"Basi Mzee Wiersma achukue kitambaa apanguse," Thérèse alikuwa akijibu.

Sasa alimtazama mumewe, akaona kwamba hatanii wala hatishi. Alikuwa anangoja siku ya kwenda, kama mtu mwenye miadi.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Mwaka wa elfu mbili na mbili, alipostaafu. Nilimpelekea viatu vyake nyumbani."

"Miaka miwili. Na yeye hajapita hapa hata siku moja kusema mtoto wangu hajambo."

"Hajui mila zetu, Mama Gloire. Ni sisi wa kumfundisha." Akaongeza, macho yakiwa kwenye sahani, "Alhamisi ni siku yako ya mapumziko. Mtoto hapelekwi kwa somo bila mama yake."

*

Chumba cha kufulia hakikuwa na dirisha. Jumatano asubuhi mashine zote zilikuwa zinazunguka na sakafu inatetemeka, na Praful alikuwa kwenye kona yake yenye taa, anashona herufi mgongoni mwa jezi za timu ya vijana. Alikuwa Mhindi wa Kisumu, mwenye miaka sitini na mmoja, na Kiswahili chake kilikuwa hakijahama Kisumu hata yeye alipohama.

"Shemeji ya Mholanzi, habari?"

"Nzuri. Kesho naenda kwake."

"Kesho. Juzi pia uliniambia kesho."

"Jana Mama Gloire alikuwa kazini."

Praful alikata uzi kwa meno. "Sikia, Adolphe. Mimi naishi wapi?"

"Hayes."

"Hayes. Kutoka mlango wangu mpaka geti la hiyo kampuni ni dakika kumi kwa mguu, na hapo nimehesabu na haya magoti. Miaka kumi na miwili nimepanda basi, nimepanda treni, nimepanda treni ingine, nije kushona majina ya vijana ambao hawajui langu. Leo kazi yenyewe imeamua kuhamia kwangu. Na barua iko hapa mfukoni, haina sahihi. Kila asubuhi Ushma ananiuliza kama nimekuwa mjinga."

"Unamwambia nini mkeo?"

"Namwambia ndiyo."

Adolphe hakucheka. Ni yeye aliyemwomba Praful asitie sahihi. Alimwambia: wafuaji ni wengi mjini, lakini mshonaji ni wewe tu; wewe ukikataa, na somo akasema neno lake kule juu, watalazimika kutusikiliza. Wengine wanane walikuwa wamemsikiliza kwa adabu, kisha mmoja mmoja wakapanda ofisini na kalamu. Praful peke yake alikunja barua akaiweka mfukoni. Alifanya hivyo kwa sababu Adolphe alikuwa amembebea mzigo wake wa uzi na sindano kila Jumatatu tangu magoti yalipoanza kuuma. Na pia, ingawa hakulisema, alikuwa amechoka kukubali kila barua.

"Atasema neno," Adolphe alisema.

"Atasema. Lakini nani anasikia?"

"Alifunga mabao mia moja na kumi na mbili kwa klabu hii."

"Mimi nimeshona majina elfu ngapi? Nani anasikia?"

Adolphe aligeukia mashine yake. Mechi za Wiersma hakuwa ameziona nyingi. Siku za mechi alikuwa huku chini. Mpira wa Wiersma aliujua kwa jezi. Miaka ya mwanzo zilishuka na tope ubavu wa kushoto, maana Mholanzi yule alipiga akianguka upande huo. Msimu waliochukua kombe zilishuka zimechanika begani, kwa sababu mabeki walikuwa hawana namna nyingine ya kumzuia ila kumvuta. Damu yake Adolphe aliiloweka kwa maji baridi na chumvi, akaitoa. Kisha mwaka fulani tope likahamia ubavu wa kulia. Adolphe alilitazama, akajua kwamba mtu huyu hawezi tena kuangukia kushoto. Magazeti yaliandika habari ya nyonga miezi minne baadaye.

Msimu wa mwisho jezi zake zilishuka kavu. Zilikuwa bado zina alama za mikunjo ya Adolphe, hazina tope, hazina jasho, zina harufu ya sanduku tu. Namba tisa alikuwa amekaa benchi kutoka mwanzo mpaka mwisho, na koti juu. Adolphe alizifua zote.

*

Thérèse alipika sombe. Kwa somo hawaendi mikono mitupu, na kama ni aibu kwenda, ni aibu mbili kwenda bila chakula. Alitwanga majani ya muhogo aliyonunua yamegandishwa barabara kuu ya Thornton Heath, akatia mawese na samaki mkavu, akafunga sufuria kwa kitambaa cheupe. Walishika treni East Croydon, watu watatu na sufuria, na abiria aliyekaa mbele yao akafungua dirisha.

"Does it have to smell?" Gloire aliuliza. Alikuwa na miaka minane, amevaa sare ya shule, na kila alichoambiwa kwa Kiswahili alikijibu kwa Kiingereza.

"Chakula ambacho hakinuki ni cha hospitali," mama yake alisema. "Ukifika unamsalimu, unampa mkono na kupiga goti kidogo. Ni mkubwa wako."

"He's not my anything, Mum."

Adolphe alisikia binti akimkana somo wake, akatazama nje.

Nyumba ilikuwa Kenley, nyuma ya ua mrefu wa majani, na getini palikuwa na ubao wa kusema inauzwa. Adolphe alibonyeza kengele. Walingoja. Akabonyeza tena. Ndani kulisikika kitu kinagonga sakafu, kinakaribia, kinatulia, kinakaribia tena. Mlango ulifunguka kiasi cha uso.

"Asanteni, lakini sinunui kitu," Wiersma alisema kwa Kiingereza. "Wala sina kanisa."

"Mister Wiersma. Mimi ni Adolphe. Wa dobi."

Yule mtu alikuwa mrefu bado, lakini urefu ulikuwa umeinamia mkongojo. Alikuwa na miaka arobaini. Alimtazama Adolphe, akatazama sare ya shule, akatazama sufuria, na pole pole uso ukarudi mahali pake. "Adolphe. Wa chini. Ingieni, ingieni."

Sebuleni palikuwa na masanduku ya karatasi yamepangwa ukutani, na kiti kimoja kirefu kilichoinuliwa kwa mbao, cha mtu asiyeweza kukaa chini. Thérèse alikijua kiti cha namna hiyo. Alijua pia harufu ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi chumba kimoja. Alimkabidhi sufuria kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Wiersma aliipokea, akanusa, akatabasamu, akaiweka juu ya sanduku. Kisha akaingiza mkono mfuko wa nyuma, akatoa pochi. "Vizuri sana. Nikupe kiasi gani?"

Pochi ilikuwa wazi. Adolphe alikuwa anatazama zulia.

"Hakiuzwi," Thérèse alisema. "Ni chakula chako. Umeletewa na mtoto."

"Ah," alisema Wiersma, na masikio yake yakawa mekundu. Alirudisha pochi, ikakataa kuingia, akaishika mkononi. "Na huyu ndiye... nakumbuka. Nilituma jezi. Unaitwa nani, binti?"

"Gloire."

"Sema lote," Adolphe alinong'ona.

Gloire aliwatazama wote wawili. "Gloire Wiersma Mushagalusa."

Mholanzi alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu waliokuwa mbele yake hawakuwa wanacheka. Alijishusha kwenye kiti chake kwa mikono, mguu mmoja umenyooka mbele kama wa mtu mwingine. Akawaambia wakae juu ya masanduku.

Adolphe alieleza. Alikuwa amejifunza maneno yake njiani, akayasema kwa mpangilio: dobi linafungwa, Hayes ni mbali, mshonaji ni mzee, kesho saa sita ni mwisho. Akaeleza na habari ya somo, kwamba kwao jina si kitu cha kuchezea, kwamba hajawahi kuomba chochote miaka minane. "Neno lako moja tu," alisema. "Wewe ni mtu wa pale."

Wiersma alisikiliza mpaka mwisho. Baba yake alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wa watu kule kwao Friesland, na katika maisha yake yote ya mpira, uwanjani na mahotelini, sauti hii ya mtu anayeomba bila kuinama alikuwa hajaisahau. Alichukua simu.

"Nitajaribu sasa hivi. Mbele yenu."

Alipiga. Alisema jina lake. Alilisema tena, polepole zaidi. Katika ile sebule tulivu wote walisikia sauti ya msichana upande wa pili, changamfu kabisa, ikimuuliza: "Unapiga kutoka kampuni gani?"

"Sitoki kampuni," Wiersma alisema. "Nilikuwa mchezaji."

Akawekwa kwenye muziki. Muziki ulikuwa wa klabu, ule wanaoupiga timu ikiingia uwanjani. Ulilia ukaisha, ukaanza upya. Gloire alitikisa miguu. Adolphe alikuwa ameshika magoti yake, anaitazama simu kama anavyotazama mashine inayokaribia kumaliza. Muziki ulipoanza mara ya tano, Wiersma aliiondoa simu sikioni, akaiweka pajani bila kuikata, ukaendelea kulia pale mguuni pake.

"Mwezi wa tatu niliwaomba tiketi mbili za kaka yangu," alisema. "Walinitumia fomu ya kujaza." Alitazama masanduku. "Kocha tuliyekuwa naye ameondoka. Mwenyekiti ameuza klabu. Pale hakuna anayenijua, Adolphe. Wananijua ukutani tu, pale walipobandika picha."

Msichana alirudi. Alisema ujumbe umechukuliwa, atapigiwa. Wiersma alimshukuru, akakata.

"Watapiga," Adolphe alisema.

"Hawatapiga." Akamtazama. "Ni wewe uliyefua jezi zangu? Wewe mwenyewe?"

"Namba saba mpaka kumi na moja zilikuwa mashine yangu."

"Na za mwaka wa mwisho?"

"Na za mwaka wa mwisho."

"Zilikuwa safi."

"Zilikuwa kavu," Adolphe alisema.

"Nilikuwa nikizivua nasema, kuna mtu mmoja chini kule anajua. Mke wangu hakujua ilivyokuwa. Alikuwa anadhani ninacheza kidogo." Alisugua nyonga. "Kwa nini ulizifua?"

Adolphe alifikiri. "Zilikuwa kwenye kapu," alisema.

Wakati wanaume wanazungumza, Thérèse alikuwa anautazama ule mguu. Unyayo ulikuwa mtupu, umevimba, na soksi ilikuwa chini ya kiti, imelala pale alipoiangusha asubuhi, au jana. Alijizuia kwa muda. Ilikuwa siku yake moja ya mapumziko. Hatimaye aliinuka kutoka kwenye sanduku, akapiga goti, akaichukua.

"Nani anakuvisha soksi?"

"Kuna mama anakuja Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi."

Thérèse aliikunja soksi mpaka ncha, akaingiza vidole, akaivuta juu kwa kisigino kama anavyofanya mara kumi kwa siku, akauinua mguu juu ya boksi ili damu irudi. "Usiushushe hivyo. Utakuumiza usiku."

"Asante," Wiersma alisema, kwa sauti ndogo. Adolphe aligeuza uso. Kumwona mkewe amepiga goti pale kulimuuma kuliko ile pochi, ingawa hakuweza kusema ni nani kati yao aliyedhalilika.

Walipotaka kuondoka Wiersma alisisitiza kumpa mtoto kitu. Alitafuta sandukuni akatoa picha yake yuko hewani, mguu juu, akaiandika kwa kalamu nene na kumpa. Gloire aliisoma kwenye treni, akampa baba yake. Ilikuwa imeandikwa: Kwa Gloria, kila la heri.

"Pale hakuna mtu," Thérèse alisema baada ya kituo kimoja. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka tu, na sufuria imebaki huko. "Yeye na vile visanduku. Umempelekea shida yako, na yeye anayo yake imemkalia."

"Ndiyo."

"Kesho utatia sahihi."

"Ndiyo."

"Masaa mawili si kitu. Utalala kwenye treni."

Adolphe alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa anamfikiria Praful, na ile barua mfukoni mwake.

*

Ijumaa alifika saa moja. Praful alikuwa kwenye kona yake, taa haijawashwa.

"Amesema nini ndugu ya binti yako?"

"Kaka Praful, twende tukatie sahihi."

Praful akatafuta miwani yake. "Ndiyo," alisema, "nilijua tangu jana jioni. Kama ingekuwa nzuri ungenipigia simu."

Walipanda ngazi pamoja, Adolphe nyuma, ili mzee akianguka amdake. Dada wa ofisi alizichukua karatasi zao mbili, akafungua faili, akaacha kutabasamu.

"Wanane wamesharudisha," alisema. "Kampuni imetupa nafasi tisa."

"Sisi tuko wawili," Adolphe alisema.

"Ndiyo. Nafasi iliyobaki ni moja." Alikuwa kijana, na alionekana kama angependa mtu mwingine awe kwenye kiti chake. "Mmekuja pamoja, kwa hiyo sina wa kwanza. Ninyi wenyewe... sijui. Ni nani?"

"Andika huyu," Praful alisema kwa Kiingereza. "Ana mtoto mdogo."

"Andika yeye," Adolphe alisema.

Praful akageukia Kiswahili. "Wewe, usinifanyie huruma mbele ya huyu msichana."

"Si huruma. Ungetia sahihi wiki iliyopita, ungekuwa wa kwanza. Mimi ndiye niliyekuweka foleni nyuma ya uongo wangu."

"Haukuwa uongo. Ulikuwa ujinga."

"Basi nyuma ya ujinga wangu."

"Nina miaka sitini na moja. Nikae nyumbani nile pensheni isiyoshibisha hata kunguru. Ushma atanipikia."

"Ushma atakuua."

Praful alitaka kucheka, mdomo ukakataa. Dada wa ofisi alitazama saa ya ukutani, akawatazama, hajui wanachosema, akasukuma kalamu katikati ya meza, mahali ambapo hailengi mtu. Adolphe aliichukua. Kwa muda kidogo ilikuwa mkononi mwake, na alimwona Thérèse kwenye treni akisema masaa mawili si kitu. Kisha akaitia kalamu katika vidole vya Praful, akavifunga juu yake.

Praful alitia sahihi. Sahihi yake ilikuwa ndefu, ya mtu aliyesoma shule ya zamani, na aliikamilisha yote.

"Dada," aliuliza, "huko wana cherehani ya namna gani?"

"Huko hawashoni, nadhani. Majina wanabandika kwa pasi ya moto." Alipekua karatasi. "Wewe utakuwa kwenye taulo. Kukunja."

Kwenye ngazi za kushuka Praful alisimama kupumzisha magoti. "Taulo," alisema.

"Dakika kumi kwa mguu," Adolphe alisema.

"Dakika kumi." Alimshika Adolphe mkono juu ya kiwiko, akaufinya, na wakashuka mpaka chini, ambako mashine zilikuwa zinawangoja na kazi ya siku ilikuwa bado haijaguswa.

*

Saa tisa Adolphe alikuwa nyumbani. Thérèse alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, amekaa na viatu miguuni kwa sababu akivivua hatavivaa tena.

"Umetia?"

"Ilibaki nafasi moja."

Thérèse aliinua macho.

"Nimempa Praful."

Thérèse hakupiga kelele. Alitazama mlango wa jikoni, kana kwamba kuna mtu huko wa kumsaidia kulisikia hili. Maneno mengi yalimjia, na mengine yalikuwa ya haki. Angeweza kusema, umeanza na Mholanzi ukamaliza na Mhindi, na sisi je? Alimwona Adolphe amesimama na mfuko wake wa kazi, hajakaribishwa kiti nyumbani mwake mwenyewe, na mikono yake imekunjamana na kupauka kwa miaka ya sabuni.

"Ulimzuia wewe asitie sahihi," alisema mwishowe.

"Mimi."

"Basi." Akavuta pumzi, ikatoka ndefu. "Ejensi yetu wanatafuta wanaume. Kuna wazee wazito, hata tukiwa wawili hatuwezi kuwainua. Mafunzo ni kesho, lakini watakuangalia kwanza kama unajua kumshika mtu."

"Mimi najua kushika nguo."

"Mtu ni mzito kuliko nguo. Njoo hapa."

Alijinyoosha kwenye kochi, mikono kifuani, viatu vyake vya kazi vimening'inia pembeni ili visichafue. "Mimi ni mzee wa miaka tisini. Sina nguvu upande huu. Nigeuze."

Adolphe aliinama, akamshika mabega.

"Utauvunja mgongo wako na bega langu. Goti chini. Mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine chini ya mapaja. Na useme. Kila kitu unachofanya, unamwambia kwanza, asishtuke."

Alipiga goti. "Mama, sasa nakuinua kichwa," alisema kwa Kiingereza chake cha dobi.

"Vizuri. Polepole."

"Sasa naleta mkono."

"Hmm."

"Sasa nakugeuza kwangu."

Alimgeuza. Alikuwa mzito kuliko alivyomkumbuka, na mwepesi pia. Uso wake ulikuja ukalalia mkono wake, na Adolphe akangoja amwambie alipokosea. Thérèse alikuwa ameshapitiwa na usingizi. Mdomo wake ulikuwa umefunguka kidogo. Adolphe alimwita mara moja, kwa kunong'ona, kama mtu asiyetaka kuitikiwa.

Saa ya ukutani ilionyesha bado dakika arobaini kabla ya zamu ya jioni. Goti lake lilikuwa kwenye sakafu ngumu, na mkono uliokuwa chini ya shingo ulikuwa umeanza kufa ganzi. Adolphe alihesabu dakika za kutembea mpaka nyumba ya mzee wa kwanza, akaziondoa, akaona kwamba zinabaki ishirini na tano. Akakaa hivyo hivyo, hajitikisi, akamwachia zote.